Maisha ya Stefan Banach, Bingwa wa Hesabu

Katika magazeti ya shule twazoea kusoma habari za wafalme, za majemadari na za watu waliogundua mito na milima. Mimi leo nawaletea habari za mtu ambaye hakushika upanga wala hakugundua nchi. Kazi yake ilikuwa kufikiri, na vyombo vyake vilikuwa penseli na meza ya mkahawa. Jina lake ni Stefan Banach, nalo husomwa Banah. Alizaliwa mwaka 1892 akafa mwaka 1945. Kila mwanafunzi wa hesabu katika chuo kikuu hulitaja jina hilo, tena mara nyingi mno, hata wengine husahau kwamba palikuwa na mtu mwenye jina hilo, aliyekula, aliyelala, aliyekopa fedha na aliyeugua kama sisi.

Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni kijana wa Nakivale, na wakati wa likizo, nirudipo nyumbani kutoka Mbarara, wazee huniuliza nitasoma nini nikimaliza kidato cha sita. Nikijibu hesabu, mjomba wangu hutikisa kichwa, kwa kuwa hesabu hailiwi, na nyumbani tuko tisa. Yeye angependa nisomee uuguzi. Sababu ya pili inahusu mji wa Banach na nchi hii ya Uganda, nayo nitaieleza kwa mahali pake.

Banach alizaliwa tarehe 30 Machi 1892 katika mji wa Kraków, unaosomwa Krakuf. Wakati huo hapakuwa na dola ya Polandi katika ramani. Wapolandi walikuwako, na lugha yao ilikuwako, lakini nchi yao ilikuwa imegawanywa na madola matatu, Urusi, Ujerumani na Austria. Kraków ulikuwa upande wa Austria. Babaye, Stefan Greczek, alikuwa askari. Mamaye aliitwa Katarzyna Banach. Hawakuwa wameoana. Mtoto alipokwisha batizwa mama akaondoka, na Stefan hakupata kumjua maisha yake yote. Alichobakiza kwake ni jina lake la ukoo tu.

Mtoto akalelewa na mwanamke mmoja wa mjini, Franciszka Płowa, ambaye kazi yake ilikuwa kufulisha nguo. Katika nyumba hiyo alikuwamo binti aitwaye Maria, na mlezi wa binti huyo alikuwa bwana mmoja kutoka Ufaransa, Juliusz Mien, mpiga picha. Bwana huyo akaona kwamba mtoto ana akili, akamfundisha Kifaransa. Yaangalieni vema maneno haya. Miaka mingi baadaye Banach aliandika kazi zake kubwa kwa Kifaransa, na dunia nzima ikazisoma. Na Kifaransa hicho alikipata bure katika nyumba ya dobi.

Mwaka 1902 akaingia shule ya sekondari hapo Kraków. Rafiki yake mkubwa alikuwa Witold Wiłkosz, naye alipenda hesabu vilevile. Wakati wa mapumziko wenzao wakicheza, wao wawili walikuwa ukutani na maswali yao. Lakini Banach hakuwa mwanafunzi bora wa kila somo. Masomo asiyoyapenda aliyaacha yalale, na mtihani wa mwisho wa mwaka 1910 aliupita pasipo sifa. Tena ni jambo la kuchekesha kwamba vijana hao wawili waliamini kuwa katika hesabu kila kitu kimekwisha gunduliwa, wala hakuna kipya kilichobaki. Basi Wiłkosz akaenda kusoma lugha za mashariki, na Banach akaenda mji wa Lwów, unaosomwa Lvuf, kusomea uhandisi.

Huko Lwów hakuwa na mtu wa kumlipia. Alifanya kazi ili apate kusoma, na kwa hiyo masomo yakaenda polepole. Mwaka 1914 alikuwa amepita mtihani wa nusu ya kwanza tu, vita kuu ikaanza. Hakuchukuliwa jeshini kwa kuwa jicho lake la kushoto halikuona vizuri. Akawa msimamizi wa wafanya kazi wa barabara, kisha akarudi Kraków akafundisha watoto wa watu ili apate chakula. Nusu ya pili ya mtihani ule hakuifanya kamwe. Basi mtu huyu, katika maisha yake yote, hakupata digrii ya kwanza.

Sasa nafika kwenye siku iliyogeuza maisha yake. Ilikuwa mwaka 1916, wakati wa vita, na katika bustani inayouzunguka mji wa kale wa Kraków alikuwa akitembea jioni Dakta Hugo Steinhaus. Huyu alikuwa mwanahisabati aliyepata udaktari wake mwaka 1911 katika chuo kikuu cha Göttingen, chini ya David Hilbert, aliyekuwa mwalimu mkuu wa hesabu katika Ujerumani. Alipokuwa akipita akasikia vijana wawili katika benchi wakilitaja jina la Lebesgue. Lebesgue alikuwa Mfaransa aliyeleta njia mpya ya kupima urefu na eneo, na habari zake zilikuwa bado ngeni hata kwa walimu. Steinhaus akastaajabu, akawaendea, akajitambulisha. Vijana hao walikuwa Banach na mwenzake Otto Nikodym.

Steinhaus akawaambia swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa akihangaika nalo. Baada ya siku chache Banach akamletea jibu. Wakaliandika pamoja, nalo likachapwa mwaka 1918. Tangu hapo Steinhaus alizoea kusema kwamba ugunduzi wake mkubwa katika hesabu ni kumgundua Banach. Nami naongeza neno hili: Steinhaus angeweza kupita. Alikuwa daktari, na wale walikuwa vijana wasio na cheo, wamekaa bustanini. Laiti angepita, sijui leo tungeliita jambo hilo kwa jina la nani.

Vita ikaisha, na mwaka 1918 Polandi ikarudi katika ramani. Mwaka 1919 Banach alikuwa mmoja wa watu wachache waliokutana Kraków na kuanzisha chama cha wanahisabati wa nchi yao. Mwaka 1920 alimwoa Łucja Braus, na mwaka huohuo Profesa Antoni Łomnicki akampa kazi ya msaidizi katika chuo cha ufundi cha Lwów. Halafu likaja jambo la udaktari.

Wenzangu wa vidato vya chini, nisikilizeni hapa. Udaktari huu si wa kutibu watu. Mtu hupata digrii ya kwanza kwa kujifunza yale ambayo wengine wamekwisha yajua. Udaktari hupewa mtu aliyeongeza jambo ambalo hakuna aliyelijua kabla yake, hata mwalimu wake. Katika hesabu jambo hilo halipimwi kwa maabara wala kwa safari, hupimwa kwa uthibitisho. Nao uthibitisho ni maneno yaliyopangwa hatua kwa hatua, hata adui yako akiyasoma hana budi kukubali. Mwanafunzi huwekwa chini ya mwalimu mmoja, naye mwalimu humpa swali, humsikiliza, humkosoa, na mara nyingine hukaa naye kimya wote wawili wasijue la kufanya. Ni kama fundi na mwanagenzi wake. Kwa hiyo wanahisabati huhesabu nasaba zao kama sisi tunavyohesabu ukoo. Hilbert alimlea Steinhaus, Steinhaus akamfungulia njia Banach, Banach akamlea Stanisław Mazur, na ukoo huo haujakatika hata leo.

Kwa desturi mtu asiye na digrii ya kwanza hangeweza kupewa udaktari. Lakini walimu wa chuo kikuu cha Jan Kazimierz hapo Lwów walikwisha soma kazi ya Banach, wakavunja desturi, wakampa udaktari mwaka 1920. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa mvivu wa kuandika, hata msaidizi mmoja akawekwa kumfuata na kuyaandika aliyoyasema. Husimuliwa pia kwamba mtihani wake alifanyiwa pasipo kujua, kwa kuitwa ofisini na kuombwa awasaidie mabwana fulani wenye maswali. Pengine masimulizi haya yametiwa chumvi. Lakini kazi yenyewe haina chumvi. Ilichapwa mwaka 1922, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa tawi jipya la hesabu.

Sasa nijaribu kueleza alichofanya, kwa maneno ya nyumbani kwetu.

Katika shule tunafanya hesabu kwa namba. Banach alitaka kufanya hesabu kwa vitu vizima, kwa mfano mistari iliyopinda kama ile tunayochora katika karatasi ya mirabaraba. Alisema, tuuchukue kila mstari kama nukta moja. Tuupe kila mmoja urefu wake, na kati ya miwili tupime umbali. Tena tuweke sharti moja: hatua zikizidi kukaribiana, lazima pawepo mahali pa kufika, pasiwe na shimo njiani. Mahali pa namna hiyo leo panaitwa nafasi ya Banach.

Katika kazi yake ya udaktari mlikuwamo kanuni moja ambayo hata mtoto aweza kuiona. Chukua namba yoyote, igawe kwa 2, kisha uongeze 1. Ukianza na 10 utapata 6, halafu 4, halafu 3, halafu 2.5, halafu 2.25. Ukianza na 0 utapata 1, halafu 1.5, halafu 1.75, halafu 1.875. Mmoja ashuka na mwingine apanda, lakini wote wawili waenda kwa 2, na 2 yenyewe haisogei. Banach alithibitisha kwamba katika nafasi zake kila tendo linalokaza vitu namna hii lina nukta moja isiyosogea, moja tu, na kwamba popote uanzapo utaifikia. Chukua ramani ya Uganda uitandike sakafuni katika darasa letu hapa Mbarara. Ipo nukta moja katika ramani hiyo, wala hazipo mbili, iliyokaa sawasawa juu ya mahali inapopaonyesha. Uisogeze ramani mpaka nje ya mlango, itakuwapo nukta nyingine. Mimi niliposoma jambo hili niliiweka kalamu chini kwa muda. Wahandisi na wanafizikia huitumia kanuni hii kujua kama milinganyo yao ina jibu, kabla hawajaanza kulitafuta.

Jambo la pili ni opereta. Opereta ni kama mashine ya kusaga: ukitia mahindi hutoka unga. Tofauti ni kwamba katika mashine ya Banach unatia mstari mzima uliopinda, na unatoka mstari mwingine. Mwaka 1932 alitoa kitabu kizima juu ya opereta hizo, kwa Kifaransa kile alichofundishwa katika nyumba ya dobi, nacho kilisomwa katika vyuo vya nchi nyingi.

Baada ya hapo wengine wakauliza: je, opereta zenyewe zaweza kujumlishwa na kuzidishwa kama namba? Zaweza. Kuzidisha maana yake ni kutenda moja kisha nyingine. Lakini hapa pana ajabu. Katika namba, 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3. Katika opereta sivyo. Kuosha mchele kisha kuupika si sawa na kuupika kisha kuuosha. Kila mpishi wa shule ajua hayo. Basi aljebra ya opereta ni aljebra ambayo utaratibu wa kutangulia na kufuata ni kitu kikubwa. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa John von Neumann, Mhungaria aliyezaliwa Budapest mwaka 1903 na kuhamia Marekani. Yeye alianza kuichunguza mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kuwa wanafizikia walikuwa wamegundua kwamba katika mambo madogo sana, kama elektroni, kupima hiki kabla ya kile huleta jawabu jingine. Mwaka 1936 yeye na Francis Murray walianza kutoa maandishi makubwa juu ya aljebra hizo. Mwaka 1941 Israel Gelfand wa Moscow akaonyesha aljebra zilizojengwa katika nafasi za Banach, nazo leo huitwa aljebra za Banach. Hata sasa vijana katika vyuo vikuu hupata udaktari kwa kuongeza tofali moja katika nyumba hiyo.

Banach akawa profesa mwaka 1922, akiwa na miaka 30. Mwaka 1929 yeye na Steinhaus wakaanzisha gazeti la hesabu, Studia Mathematica, ambalo latoka mpaka leo. Mwaka 1936 alialikwa kuhutubia mkutano wa wanahisabati wa dunia huko Oslo, Norwe. Pamoja na heshima hizo alikuwa na madeni daima, na ili ayalipe aliandika vitabu vya hesabu vya shule za sekondari. Hakupenda kukaa ofisini. Alipenda mkahawa, kelele na muziki, na sigara zisizokatika. Sisemi kila tabia yake ni ya kuigwa.

Katika Lwów palikuwa na mkahawa ulioitwa Mkahawa wa Kiskoti. Huko walikutana Banach, Mazur, Stanisław Ulam na wengine, wakaandika hesabu juu ya meza, kwa kuwa meza zilikuwa za marumaru. Husimuliwa kikao kimoja cha saa 17. Lakini asubuhi mfagiaji alifuta meza, na kazi ya usiku ikapotea na maji ya sabuni. Mwaka 1935 mkewe Banach akanunua daftari nene, likawekwa hapo mkahawani kwa mtumishi, na mtu akiingia akiwa na swali aliletewa. Swali likaandikwa ukurasa mmoja, na ukurasa wa pili ukaachwa wazi kungoja jibu. Mengine yaliahidiwa zawadi, tangu kikombe cha kahawa mpaka chupa ya pombe kali, iliyoahidiwa na von Neumann alipopita hapo mwaka 1937. Mwaka 1936 Mazur aliandika swali gumu na kuahidi bata bukini hai. Mpaka mwaka 1941 maswali yalifika 193.

Mwezi wa Septemba 1939 vita ya pili ikaanza. Lwów ukachukuliwa na Warusi. Mwezi wa Juni 1941 Wajerumani wakawafukuza Warusi, na mapema Julai usiku mmoja wakawakamata maprofesa wa mji, wakawapiga risasi kilimani. Miongoni mwao alikuwamo Łomnicki, aliyempa Banach kazi ya kwanza. Wengine katika wale wa mkahawani waliuawa baadaye kwa kuwa walikuwa Wayahudi. Steinhaus, naye Myahudi, akajificha kwa jina la mtu mwingine mpaka vita ikaisha.

Na Banach? Vyuo vikuu vilifungwa. Mtu aliyekuwa profesa na mkuu wa chama cha wanahisabati alipata kazi ya kulisha chawa. Palikuwa na taasisi ya Profesa Rudolf Weigl iliyotengeneza chanjo ya homa ya chawa, na chanjo hiyo ilitoka katika chawa wenyewe. Chawa sharti wale damu ya mtu. Basi visanduku vidogo vilifungwa miguuni, na chawa wakanyonya. Waliofanya kazi hiyo walipewa cheti kilichowakinga wasikamatwe ovyo, na chakula cha ziada kidogo. Wasomi wengi wa Lwów waliokolewa na chawa hao, akiwamo Banach. Wazee wa Nakivale waliopata kusimama foleni wakiwa na karatasi mkononi wataelewa thamani ya cheti kama hicho kuliko mimi niwezavyo kuieleza.

Mwaka 1944 Warusi wakarudi, lakini Banach alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa. Alikuwa na saratani ya mapafu. Kraków alikozaliwa kulikuwa na nafasi ya uprofesa ikimngoja, hakuifikia. Alikufa Lwów tarehe 31 Agosti 1945, mwenye umri wa miaka 53, akazikwa katika kaburi la jamaa ya marafiki. Mji ukawa wa dola ya Kisovyeti, na Wapolandi wakahamishwa. Leo unaitwa Lviv, nao uko Ukraini. Angalieni: mtu huyu alikaa katika mji mmoja karibu miaka yote ya kazi yake, na mji ukabadilishwa bendera chini ya miguu yake mara baada ya mara. Kwetu sisi watu ndio huhama. Kwake yeye ilihama mipaka.

Sasa nieleze sababu yangu ya pili. Warusi walipoichukua sehemu ile ya Polandi waliwapeleka watu wengi mno Siberia na Asia ya kati, mwaka 1940 na 1941. Baadaye walipofunguliwa walipitia Iran, na mwaka 1942 maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa Afrika ya Mashariki. Walikaa Tengeru huko Tanganyika, na hapa Uganda walikaa Koja, ufukoni mwa ziwa la Victoria, na Nyabyeya karibu na Masindi. Huko Nyabyeya walijenga kanisa la mawe ambalo limesimama mpaka leo, na makaburi yao yapo. Wakafungua shule, watoto wakasoma. Maana yake ni kwamba kabla ya Nakivale, iliyoanzishwa mwaka 1958 na kuwapokea Wanyarwanda, Uganda ilikwisha wapokea wakimbizi, na baadhi yao walitoka mkoa uleule wa Banach. Mtu wa Masindi aliyewauzia ndizi mwaka 1943 huenda aliwaona ni maskini tu. Hakujua kwamba katika nchi yao palikuwa na mkahawa ambao mambo yake yangesomwa katika kila chuo kikuu cha dunia, pamoja na vya Uganda. Nasi watu wa Nakivale, tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, tusihesabiwe kwa mashamba yetu ya mahindi peke yake.

Daftari la mkahawa halikupotea. Jamaa yake Banach waliliokoa, Steinhaus akalinakili, na mwaka 1956 nakala ikapelekwa kwa Ulam huko Marekani, akalitafsiri. Swali la bata lilikaa miaka 36. Mwaka 1972 kijana wa Sweden, Per Enflo, akalijibu, akaenda Warsaw, na Mazur, aliyekuwa mzee sasa, akampa bata wake hai mbele ya watu.

Wenzangu, nisieleweke vibaya. Habari za Banach si ruhusa ya kudharau mitihani. Kwa kila Banach mmoja asiye na digrii, wapo maelfu waliokosa digrii wakakosa na kazi. Mimi mwenyewe vyeti vyangu vya shule ya msingi vilibaki Kivu, na katika shule moja niliyoiendea kwanza nilirudishwa madarasa mawili kwa ajili hiyo. Najua uzito wa karatasi. Lakini karatasi ni ushahidi wa kazi, si kazi yenyewe. Banach aliokolewa na mambo matatu: kazi aliyoifanya kabla hajaulizwa, mtu mmoja aliyesimama kumsikiliza, na meza ya wenziwe. La kwanza liko mikononi mwetu. La pili ni la walimu wetu, nasi twawashukuru wale wanaosimama. La tatu twaweza kulifanya wenyewe.

Na mjomba wangu nimekwisha kumjibu kwa heshima. Nimemweleza kwamba hapa Mbarara tangu mwaka 1989 kipo chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, chenye idara ya hisabati. Kwamba vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki viliungana mwaka 2002 katika mpango wa kuwalea wanahisabati wao wenyewe. Na kwamba shule zetu zina upungufu wa walimu wa somo hili, hata mwenye kulijua hatalala njaa. Hajakubali. Amesema tungoje matokeo, na hilo ni neno la haki.

Wakati tunangoja, nimepata ruhusa ya mwalimu wetu wa hesabu kuweka daftari nene katika maktaba ya shule. Swali litaandikwa upande mmoja, na upande wa pili utangoja. Mwanafunzi wa kidato chochote aweza kuandika, na wale waliomaliza zamani waweza kutuletea maswali yao kwa barua. La kwanza nimekwisha liandika. Chukua namba yoyote, igawe kwa 3, kisha uongeze 4, urudie mara nyingi. Je, utafika wapi, na kwa nini hakuna mahali pengine pa kufika? Halafu, badala ya kugawa kwa 3, zidisha kwa 3. Je, ipo namba isiyosogea, na wenziwe wote waenda wapi? Si majibu tu yanayotakiwa, bali uthibitisho. Zawadi ni jogoo mmoja hai kutoka Nakivale. Mama amekwisha mchagua, na kila siku anazidi kunenepa.